Siku 50 za Kaab bin Malik

Wajukuu zangu, kuna swali ambalo vijana wengi, hata hapa kwetu Kashaulili, Mpanda, hulibeba moyoni: nimetubu, mbona aibu haijaniacha?

Tuseme kijana alichukua fedha kwenye meza ya shangazi yake sokoni. Ameacha, amejuta, amenuia kutorudia, fedha amerudisha na radhi ameomba. Masharti ya toba yametimia. Lakini msikitini bado anakaa mlangoni, karibu na viatu, na imamu akitoa salamu tu, huyo ametoka.

Basi sikilizeni kisa cha Kaab bin Malik, sahaba wa Mtume Muhammad (s.a.w.).

Mwaka wa 9 Hijria, yaani 630, Mtume aliwatangazia watu wa Madina safari ya jeshi kwenda Tabuk. Ni mbali, zaidi ya mara tatu ya reli yetu kutoka Mpanda hadi Kaliua, na jua lilikuwa kali. Tena tende zilikuwa zinaiva, na ninyi mnajua ilivyo vigumu kuondoka nyumbani msimu wa maembe. Kaab alikuwa na afya, tena ana ngamia wawili. Kila siku alisema atajiandaa kesho. Jeshi likaondoka, yeye akabaki.

Mtume aliporudi, wapo waliotunga visingizio. Kaab alisema kweli: hakuwa na udhuru. Akaambiwa asubiri hukumu ya Mwenyezi Mungu, yeye na wenzake wawili waliosema kweli kama yeye, Murara na Hilal. Watu wakakatazwa kusema nao.

Hapa tegeni masikio. Wenzake walijifungia ndani wakilia. Kaab aliendelea kwenda msikitini. Alimsalimia Mtume, kisha akamtazama midomo: je, imetikisika kunijibu? Alisali karibu naye, akimwangalia kwa kuibia. Mfalme wa Ghassan akamwandikia barua aende kwake akaheshimiwe. Kaab akaitupa tanurini. Aibu ilimchoma, lakini haikumtoa kwenye safu.

Alfajiri ya siku ya 50, akiwa juu ya paa la nyumba yake, alisikia mtu akinadi kutoka mlimani: Kaab, furahi! Akajua toba imekubaliwa. Akasujudu. Alipofika msikitini, Talha bin Ubaydullah alimkimbilia, akampa mkono na kumpongeza. Uso wa Mtume uling'aa kwa furaha. Kaab akataka kutoa mali yake yote sadaka. Akaambiwa abakize nyingine. Aliyesamehewa hatakiwi kujitesa.

Habari yao imo katika Sura At-Tawba, aya ya 118. Uzeeni, Kaab akiwa kipofu na mwanawe akimwongoza, alikisimulia kisa hiki mwenyewe. Kosa lake lilijulikana na wote. Lako likiwa Mungu amelisitiri, usilitangaze; dini imekataza.

Kwa hiyo kumbukumbu ya kosa ikikujia, usidhani toba yako imekataliwa. Sema astaghfirullah, kisha fanya jema, maana mema huyafuta maovu. Na shetani akikwambia huna uso wa kusali, sogea safu ya mbele.

Nanyi wengine, mwenzenu akitubu, msimwite kwa kosa lake la jana. Miongoni mwa Muhajirina, yaani waliohamia Madina, Talha peke yake ndiye aliyeinuka siku ile, na Kaab hakumsahau maisha yake yote. Ukimwona mwenzako anasita mlangoni, mfuate, mpe mkono, mkasali pamoja.