Mkaa wa Mifupa Katika Maji ya Nakuru

Kuna watu ambao hutambulikana kwao kwa kucheka tu. Mzaliwa wa Njoro, Gilgil au Naivasha akifungua kinywa jijini Nairobi, mabaka ya kahawia kwenye meno humtangaza kabla hajataja kijiji. Wengine wamezoea kufunika mdomo kwa kiganja, maana hudhaniwa hawajui mswaki. Kosa si lao. Ni la maji waliyokunywa utotoni.

Bonde la Ufa ni nchi ya volkeno. Maji yanapopenya kwenye miamba yake hubeba madini ya floraidi, na mwenye kuyachota hana namna ya kujua, kwa kuwa madini hayo hayana rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza yasizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Visima vingi vya eneo hili hupita kiwango hicho, vingine mara kadhaa. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua sufuriani, floraidi ikabaki na kukolea. Mtoto anayeyanywa wakati meno yake yanaumbika hupata mabaka yasiyotoka kwa kupiga mswaki. Mtu anayeyanywa yakiwa na floraidi nyingi kwa miaka mingi anaweza kukakamaa viungo na kuumwa na mifupa.

Jambo hili liliiweka kazi ya kanisa njia panda. Jimbo Katoliki la Nakuru liliundwa mwaka 1968. Kama ilivyo desturi ya misheni nyingi barani Afrika, maji yalikuwa sehemu ya huduma yake kwa wanakijiji. Kisima kirefu humpunguzia mama mwendo wa kwenda mtoni na kumwepusha mtoto na maradhi ya kuhara. Lakini katika ardhi hii, kisima hicho hicho kinaweza kumwachia mtoto huyo ulemavu wa meno.

Mwaka 1998 jimbo lilianza kutafuta dawa ya tatizo hilo, na dawa yenyewe ikapatikana mahali ambapo wachache wangefikiria: kwenye mifupa ya vichinjioni.

Mifupa hukusanywa na kuchomwa tanuruni kwa hewa kidogo mpaka igeuke mkaa, kisha husagwa, huchekechwa na kuoshwa. Maji yakipita katikati ya chembechembe hizo, madini ya fosfati yaliyomo mfupani hunasa floraidi. Kazi hii inahitaji fundi mwenye jicho. Mifupa isiyoiva vizuri hutia maji harufu mbaya. Iliyoungua kupita kiasi huwa myeupe na kupoteza nguvu yake. Chujio la nyumbani halina makuu: ndoo yenye mkaa, maji yakitiririka hadi chombo cha chini chenye mfereji. Yako pia makubwa, ya shule na ya vituo vya maji vya jamii.

Wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa maji ya Eawag, kutoka Uswisi, walishirikiana na jimbo kuuboresha mkaa huo, na ujuzi wa Nakuru ukafika hadi vijiji vya Oromia nchini Ethiopia, ambako bonde ni lile lile na shida ni ile ile. Baadaye jimbo likaunda kampuni ya kuendesha kazi hiyo, Nakuru Defluoridation Company, ili machujio yauzwe na mapato yaiwezeshe kujiendesha badala ya kungoja fungu la wafadhili kila mwaka.

Ugumu umebaki kwenye matunzo. Mkaa hushiba. Siku ukishashiba, maji huendelea kutiririka yakiwa safi machoni huku floraidi ikipita. Lazima yapimwe, na mkaa ubadilishwe. Kwa familia inayohesabu senti za unga, gharama ya kubadilisha kitu ambacho bado kinaonekana kizima ni rahisi kuahirishwa hadi mwezi ujao, kisha mwingine. Ndiyo maana tangi la kukinga maji ya mvua yatokayo kwenye mabati, maji yasiyo na floraidi ya kutisha, bado ni jirani mwema wa chujio.

Wafadhili hupenda kupiga picha siku maji yanaporuka kutoka ardhini. Parokia, kikundi cha akina mama au mwanasiasa anayetaka kuchimbia kijiji kisima katika Bonde la Ufa aombe kwanza karatasi ya vipimo vya maji, kisha aulize ni nani atakayelipia mkaa wa mwaka wa tatu. Kama maswali hayo mawili hayana majibu, pesa hizo zinunue mabati, mabomba ya paani na tangi.