Punguza Kitanda, Upate Usingizi

Mtu akikosa usingizi wiki mbili tatu, huanza kujitibu kabla hajamwona daktari. Aliyezoea kulala saa 5 usiku sasa anapanda kitandani saa 3, asubuhi anabaki shukani akivizia lepe la mwisho, mchana anajinyoosha kochini. Yote yanaonekana ni busara. Kumbe ndiyo yanayolilisha tatizo.

Kukosa usingizi huitwa sugu kunapomsumbua mtu angalau usiku 3 kwa wiki, kwa miezi 3 au zaidi, na mchana akawa mchovu, mwenye hasira za karibu au asiyetulia kazini, ilhali nafasi ya kulala anayo. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Arthur Spielman, na wenzake walieleza kwamba kinachoanzisha tatizo si lazima ndicho kinacholiendeleza. Msiba au deni huweza kumkosesha mtu usingizi. Likishapita, zile mbinu za kufidia usingizi hubaki.

Ndiyo maana tiba ya kwanza si kidonge. Mwaka 2016 chama cha madaktari cha American College of Physicians kilipendekeza watu wazima wote wenye tatizo hili waanze na tiba ya fikra na tabia. Wataalamu wa Ulaya wakasema vivyo hivyo mwaka 2017. Kiini chake huwashangaza wengi: muda wa kukaa kitandani unapunguzwa.

Mgonjwa huandika kwenye daftari, kwa wiki moja au mbili, saa ya kupanda kitandani, muda aliolala na saa ya kuamka. Tuseme yuko kitandani tangu saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi, jumla ya saa 9, lakini usingizi wenyewe ni saa 5 na nusu: asilimia 61 tu. Mtaalamu humpa saa 5 na nusu hizo hizo. Asipande kitandani kabla ya saa 6:30 usiku, na saa 12 aamke, awe amelala au hakulala. Siku za mwanzo ni ngumu. Lakini kadiri anavyokaa macho ndivyo adenosini inavyorundikana ubongoni na usingizi unavyomwelemea. Usingizi ukijaza asilimia 85 ya muda aliopewa, huongezewa dakika 15, wiki kwa wiki. Kwa kawaida hashushwi chini ya saa 5.

Sharti la pili lilitolewa na Richard Bootzin mwaka 1972: kitanda ni cha usingizi na tendo la ndoa tu. Ukikodoa macho kama dakika 20, toka, kaa sebuleni kwenye mwanga hafifu, urudi ukianza kusinzia. Simu na hesabu za madeni zibaki nje ya chumba.

Dawa nazo zina nafasi yake, hasa kwa muda mfupi. Diazepam na jamaa zake huleta usingizi haraka, lakini mwili huzizoea, wazee huanguka, na kuziacha ghafla baada ya matumizi marefu huweza kuleta degedege. Zolpidem ilibandikwa onyo kali Marekani mwaka 2019, kwa kuwa baadhi ya watumiaji walitembea au hata kuendesha gari wakiwa usingizini. Suvorexant, iliyoidhinishwa huko mwaka 2014, hufuata njia nyingine: huzuia oreksini, kemikali inayotuweka macho. Vidonge vya mzio vinavyonunuliwa kwa sababu tu vinasinzisha havina ushahidi wa kutosha kwa tatizo sugu.

Mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa hisia mseto na dereva wa masafa marefu wasijipunguzie saa za kulala bila daktari. Anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usiku apimwe kwanza, maana baadhi ya dawa za usingizi huweza kumzidishia hali hiyo. Kwa wote, daftari ndilo la kuanza nalo: daktari anayeona maandishi ya wiki mbili huamua vizuri kuliko anayeambiwa tu "silali".