Zana, Kifaa na Gharama: Suala la Kuhimiza Teknolojia Darasani Tabata Wakati wa Ufinyu wa Bajeti

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza hoja zinazotumiwa kuhimiza teknolojia darasani pale ambapo fedha za elimu zinapungua. Eneo linalozingatiwa ni Tabata, magharibi ya kitovu cha jiji la Dar es Salaam, katika iliyokuwa Manispaa ya Ilala kabla haijapandishwa hadhi kuwa Halmashauri ya Jiji mwaka 2021. Wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam waliongezeka kutoka 2,487,288 mwaka 2002 hadi 5,383,728 mwaka 2022, na vitongoji vya namna ya Tabata ndivyo vilivyobeba sehemu kubwa ya uzito huo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kudumu kwa teknolojia darasani hakuamuliwi na bei ya kuinunua. Kunaamuliwa na jambo dogo linaloachwa aghalabu nje ya hotuba za uzinduzi, yaani nani atalipa gharama za kila mwezi.

2.0 Redio ya 1973 na Kompyuta ya 1974

Mjadala huu si mgeni nchini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio kuwafundisha watu wazima wapatao milioni mbili. Mafanikio yake husimuliwa kana kwamba redio ndiyo iliyofundisha. Kwa hakika redio ilikuwa sehemu moja tu ya mpango uliokuwa na vitabu, vikundi vya kusikiliza, na viongozi wa vikundi waliopewa mafunzo kabla ya kipindi cha kwanza kurushwa hewani. Kikundi kilihitaji redio moja, na gharama ya kutayarisha na kurusha vipindi haikuwa juu ya kijiji.

Mwaka uliofuata, 1974, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Uamuzi huo umekuwa ukidhihakiwa na waandishi wa baadaye, wengi wao wakiuona kuwa ni woga wa maendeleo. Dhihaka hiyo haitendi haki kamili. Mashine za wakati ule zililipiwa kwa fedha za kigeni, na matengenezo yake yalitegemea wataalamu wa nje; kwa hiyo swali la gharama za kudumu lilikuwa la msingi, hata kama jibu lililotolewa lilikuwa zito kupita kiasi. Katika miaka miwili iliyofuatana, basi, nchi ileile ilikumbatia chombo kimoja na kukifungia mlango kingine.

3.0 Hesabu ya Shule Moja

Utaratibu wa elimu bila malipo ulipoanza Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ruzuku ya uendeshaji kwa shule za msingi ilihesabiwa kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 zilikuwa za vitabu vinavyonunuliwa kwa pamoja, na 6,000 za kupelekwa shuleni. Ichukuliwe, kwa mfano tu, shule ya Tabata yenye wanafunzi 1,000. Ingepata shilingi 6,000,000 kwa mwaka, sawa na 500,000 kwa mwezi. Humo ndimo inamopaswa kutoka karatasi ya mitihani, chaki, kitasa kilichovunjika, maji, na umeme.

Umeme wenyewe hulipwa kabla ya kutumiwa. Jina la LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, linaeleza masharti hayo bila kuficha: uniti zikiisha, projekta huzimika katikati ya somo. Ni kinaya cha kijiografia kwamba Kinyerezi, jirani wa Tabata, ndiko iliko mitambo ya gesi inayoingiza umeme katika gridi ya Taifa. Mwalimu mkuu hawezi kulipa uniti kwa ujirani. Wala hawezi kuwatoza wazazi kwa lazima, kwa kuwa waraka uliotajwa ulikusudia kukomesha michango hiyo. Ndiyo kusema kwamba kila chombo kinachozawadiwa shule hii huja na ankara isiyoandikwa.

Mradi wa Elimu kwa Teknolojia, ulioanza mwaka 2007, unatoa mfano unaostahili kutazamwa kwa makini. Filamu fupi za masomo zilipakuliwa kwa simu ya mkononi na kuonyeshwa kwenye televisheni ndani ya darasa. Ubunifu wake ulikuwa wa kweli, kwani simu ilikwishaenea mahali ambapo kompyuta haikufika. Hata hivyo mradi ulisimama juu ya msaada wa Marekani na kampuni za simu. Udhaifu wa msingi wa namna hiyo ulionekana wazi Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa agizo la siku moja.

Kinyume chake ni kipindi cha Ubongo Kids, kinachotayarishwa Dar es Salaam na kuonyeshwa tangu 2014. Hapa gharama ya uzalishaji haiifikii shule kabisa. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, masomo ya redio na televisheni yaliweza kuwafuata watoto majumbani, ingawa si nyumba zote zina televisheni, na ubao haujibu swali la mtoto kupitia kioo.

4.0 Zana na Kifaa

Lugha ya uhamasishaji ina siri yake. Vyuo vya ualimu vimezoea kusema zana za kufundishia. Mabango ya miradi husema vifaa. Zana ni neno la kazi: zana za kilimo, zana za vita. Vizibo vya soda vinavyotumiwa kuhesabia ni zana, kwa kuwa mwalimu amevikusanya akijua somo atakalovitumia. Kifaa, ijapokuwa asili yake ni kitenzi kufaa, katika matumizi ya leo ni kitu kinachopokewa, kusainiwa na kuwekwa stoo. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022, kisha vikaanza kugawiwa walimu mwishoni mwa mwaka huo, viliingia shuleni kama vifaa. Kugeuka kwake kuwa zana kunategemea bando, chaja, na maandishi ambayo mwanafunzi wa darasa la tatu anaweza kuyasoma.

Suala hili la maandishi halina budi kuwahusu wataalamu wa Kiswahili. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi katika Kiswahili, isiyolipiwa leseni. Kwa shule yenye shilingi 500,000 kwa mwezi, programu ya bure katika lugha ya kufundishia ilikuwa pendekezo la kiuchumi kabla ya kuwa la kizalendo. Haikuenezwa shuleni kwa bidii iliyostahili. Istilahi zilikwishaundwa, kilichokosekana ni fungu la kuwafundisha walimu kuzitumia na kuihuisha programu kila toleo jipya lilipotoka. Katika bajeti inayopunguzwa, fungu la namna hiyo hukatwa kwanza, kwa sababu halina sanduku la kupigia picha siku ya makabidhiano.