Pauni 600 za Paa la Uwani

Masika ya mwaka juzi bibi yangu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Tanga: "Mjukuu wangu, ua wangu umejaa maji." Nikamjibu kwamba maua hupenda maji. Nyumbani kwetu Leicester walinicheka siku tatu. Wanachama wapya, shikeni hili: ua langu liko kwenye chungu, ua wangu uko nyuma ya nyumba.

Na ua ule ndio riziki ya bibi. Hapo ndipo anapochoma vitumbua vya kuuza asubuhi, na mvua ikinyesha hakuna biashara. Mabati ya kawaida hakuyataka: jua likiyapiga, chini panakuwa tanuri, tena giza, na macho yake yameanza kuchoka. Kwa jirani alikuwa ameona paa la polikaboneti, lile la plastiki ngumu linalopitisha mwanga. Mama, mjomba na mimi tukachanga pauni 600. Sehemu yangu, pauni 150, ilikuwa Jumamosi nyingi za kuosha vyombo mgahawani.

Nilidhani ukishanunua shiti umemaliza. Kumbe shiti mbili za unene wa milimita 6, kila moja upana wa mita 2.1 na urefu wa mita 6, zilichukua pauni 190 tu. Fremu ya chuma 200. Vipande vya kuungia shiti, skrubu zenye mipira na tepu ya kuziba ncha, 70. Lori kutoka Dar es Salaam 30. Ufundi 110. Yaani shiti zenyewe hazikufika hata theluthi moja ya fedha zetu.

Hasara ilitoka mahali ambapo hatukupapigia hesabu. Shiti ya aina hii huwa na upande wenye kinga ya miali ya jua, na upande huo ndio unaotakiwa kutazama juu. Hutambulika kwa maandishi ya nailoni iliyobandikwa juu yake. Fundi wetu alibandua nailoni zote chini kabla ya kupanda, kisha akaweka ilivyotokea. Halafu akatoboa matundu yanayolingana kabisa na skrubu. Polikaboneti hutanuka sana: shiti ya mita 6 ikipandwa na joto la nyuzi 40 huongezeka kama milimita 16. Tundu likibana, haina pa kwenda. Ncha nazo hakuziba, vumbi na wadudu wakaingia kwenye vijia vya ndani.

Haikutimia miaka miwili paa likawa la manjano kama karatasi ya zamani, likapasuka kwenye skrubu, na maji yakawa yanadondokea jikoni. Bibi hakutuambia. Alifunika jiko kwa turubai miezi kadhaa, akiogopa tutaona ametuharibia pesa. Mjomba ndiye aliyekwenda Idi akaona.

Safari ya pili ilikuwa shiti 190, ufundi 110, skrubu na tepu 40. Fremu ilipona, alhamdulillahi. Fundi mpya, kijana wa rika langu, alitaka tumpigie simu ya video kabla ya kubandua chochote, akatuonyesha maandishi yakiwa juu. Akaweka vijia vya ndani vifuate mteremko ili unyevu utoke, akatoboa matundu mapana kuliko skrubu, na akaacha nafasi kati ya ukuta na paa moshi upite. Tulichagua rangi ya maziwa badala ya shiti angavu, maana mwanga wake hauumizi macho.

Kwa hiyo ua wa bibi umetugharimu pauni 940. Unayechangia paa nyumbani, omba picha ya nailoni kabla ya kutuma pesa ya ufundi. Picha ya paa lililokwisha kupendeza haionyeshi kitu.

Vitumbua vimerudi. Juzi bibi kanitumia ujumbe mwingine: maji ya paa jipya yanamwagikia kwa jirani, na mjomba anauliza nani atatoa pesa ya mfereji.