Kuganda: Kitenzi Kimoja, Kemia Nne

Mwenye kusimama sokoni Mariakani, katika mji huo wa Kilifi upitiwao na barabara kuu na reli ziendazo Nairobi, husikia kitenzi kimoja kikitumiwa kwa mambo yasiyofanana. Maziwa ya kibuyuni yameganda na yako tayari kuuzwa. Maji yaliyofungwa katika vifuko na kutiwa katika friji yameganda, na watoto wanayafyonza. Mafuta ya nazi, ambayo kwa joto la huko hayagandi ila kwa nadra, huganda yakipelekwa Nairobi. Na buchani, damu iliyodondoka sakafuni imeganda. Msemaji wa Kiswahili haoni tatizo lolote katika matumizi haya, wala hana haja ya kuliona. Tatizo huanza darasani. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba barafu ni maji yaliyoganda, na kwamba barafu ikipata joto hurudi kuwa maji, ana haki ya kutarajia kwamba mtindi ukipashwa moto utarudi kuwa maziwa. Haurudi, joto huuzidisha kushikana na kuyatenga maji yake.

Makala haya yanakusudia kueleza yanayotukia ndani ya vitu hivi vinne, ili waundao istilahi wapate kujua kitenzi hiki kinabeba mizigo gani.

Yafaa kuanza na maji, maana mengine yote hutukia ama ndani yake ama kwa kuyakimbia. Molekuli ya maji ina atomu moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni, nazo hazikupangika katika mstari ulionyooka bali zimepinda kwa pembe ya digrii 104.5. Oksijeni huzivuta elektroni upande wake kwa nguvu kuliko haidrojeni. Kwa sababu hiyo upande wa oksijeni huwa na chaji hasi kidogo, na pande za haidrojeni huwa na chaji chanya kidogo, hata kila molekuli ikawa inamvuta jirani yake. Mshikano huu wa jirani kwa jirani ni dhaifu ukilinganishwa na ule ulio ndani ya molekuli yenyewe, nao hukatika na kuungika tena bila kukoma maadamu maji ni ya majimaji. Hata hivyo ndio unaoyafanya maji yachemke kwenye nyuzi 100, ilhali haidrojeni salfaidi, yenye molekuli nzito zaidi lakini isiyo na mshikano wa nguvu hiyo, huchemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri.

Joto likipungua hadi nyuzi 0, mwendo wa molekuli hushindwa na mshikano. Kila molekuli huwashika majirani wanne na kukaa mahali pake, katika mpangilio wenye nafasi tupu nyingi. Ndiyo maana barafu huchukua nafasi iliyozidi ile ya maji kwa takriban asilimia 9, ikaelea, na chupa iliyojazwa ikafungwa ikapasuka. Hapa kitenzi chetu kimekaa vyema, kwa kuwa hata katika mazungumzo ya kila siku kuganda ni kung'ang'ania pasipo kuachia: husemwa kwamba mtoto amemganda mamaye.

Lakini yaelekea kwamba maji ndiyo yaliyoingia mwisho katika orodha ya vitu vigandavyo. Pwani haina theluji, na majina yenyewe yalitoka ng'ambo: theluji kutoka Kiarabu, barafu kutoka Kiajemi. Johannes Rebmann, mmisionari aliyekuwa na makao yake Rabai, si mbali na Mariakani, aliuona weupe wa kilele cha Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Alieleza kwamba kiongozi wake wa safari aliuita weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Huko London, mwanajiografia W. D. Cooley alikataa katakata kwamba theluji ingeweza kuwapo karibu na ikweta. Yule kiongozi, asiye na jina la kitu, alikuwa amekwisha kutaja sababu yake.

Mafuta ya nazi huganda kwa njia nyingine. Minyororo yake mirefu ya kaboni na haidrojeni haina chaji za kuvutana na maji. Molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuyaacha mafuta nje, nayo yakajikusanya juu. Karibu nusu ya asidi za mafuta hayo ni asidi ya lauriki, ambayo mnyororo wake umenyooka, na vitu vilivyonyooka hupangika kwa urahisi kama kuni mzigoni. Chini ya nyuzi 24 hivi mafuta hayo huwa magumu. Mafuta ya alizeti, ambayo minyororo yake mingi imepinda, hubaki majimaji hata katika usiku wa Nairobi. Maji na mafuta, basi, yanafanana kwa jambo moja: hugandishwa na baridi, na joto huyarudisha yalivyokuwa.

Maziwa ni habari nyingine kabisa. Takriban asilimia 87 ya maziwa ya ng'ombe ni maji. Sehemu kubwa ya protini yake ni kaseini, iliyokusanyika katika vidonge vidogo mno vyenye chaji hasi juu yake. Kwa kuwa chaji zinazofanana hufukuzana, vidonge hivyo havigusani. Bakteria wa kibuyuni huila sukari ya maziwa na kutoa asidi ya laktiki. Asidi ikizidi, chaji zile hufutika, na pH ikifika karibu na 4.6 vidonge hushikana na kufanya wavu unaoyateka maji na mafuta pamoja. Hakuna baridi iliyohusika. Kinyume chake, joto la Mariakani ndilo linaloharakisha kazi.

Damu nayo haingoji baridi wala asidi. Ndani yake mna protini iliyoyeyuka ambayo, mtu akijeruhiwa, hukatwa na kimeng'enya na kugeuka nyuzi za fibrini, nazo nyuzi hujisuka. Wafugaji wanywao damu wanalijua hili kwa vitendo: huikoroga kwa kijiti mpaka nyuzi zikang'ang'ania kijiti, na damu inayobaki haigandi tena.

Yupo atakayesema kwamba Kiswahili cha jikoni kimekwisha kutatua tatizo, kwa kuwa kina kitenzi kingine, kukatika. Maziwa yaliyoanza kuchacha yakiwekwa motoni hukatika. Tui lisipokorogwa hukatika pia. Hoja hii inavutia, ila kemia haiiungi mkono. Maziwa yaliyokatika sufuriani na maziwa yaliyoganda kibuyuni yamepatwa na jambo lilelile la kaseini na asidi, moto ukisaidia tu. Tui, kwa upande wake, hukatika kwa sababu protini zinazoyazunguka matone ya mafuta huharibiwa na joto, matone yakaungana na kujitenga na maji. Kwa hiyo mpishi hatofautishi kwa kemia bali kwa nia yake: alilolitaka limeganda, asilolitaka limekatika. Ni tofauti yenye maana kubwa jikoni, lakini haifai kugeuzwa istilahi.

Kuunda vitenzi vinne vipya kungekuwa kosa kubwa zaidi, kwani mwanafunzi angeondoka darasani na kurudi katika nyumba ambamo kila kitu kinaganda kama kawaida. Njia iliyo nyepesi ni kukiacha kitenzi na kukifungia sababu: kuganda kwa baridi, kwa maji na mafuta, kuganda kwa asidi, kwa maziwa, kuganda kwa kimeng'enya, kwa damu. Jibini huleta utata kidogo, kwa kuwa maziwa yake aghalabu hugandishwa kwa kimeng'enya, ambacho kwa jadi hutoka katika tumbo la ndama, na hivyo hukaa karibu na damu kuliko na mtindi.