Taa za Kigari cha Pembeni: Umeme Usiojua Njia ya Kurudi

Msafiri atokaye Mbarara kwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale huiacha lami ya barabara ya Kikagati na kuingia katika changarawe. Mchana safari hiyo haina mashaka makubwa kuliko vumbi. Usiku ni habari nyingine. Huku jirani na mstari wa Ikweta jua halina desturi ya kuaga taratibu. Mara baada ya saa moja jioni giza limekwisha kushuka, na kandokando ya njia bado wamo waendao kwa miguu, watoto wenye madumu ya maji, baiskeli zisizo na taa, na ng'ombe wa Ankole ambao pembe zao peke yake zatosha kuziba njia.

Makazi hayo, yaliyomo katika wilaya ya Isingiro, yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda. Leo yana zaidi ya watu laki moja waliotoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowapatanisha sokoni. Huko boda boda ndiyo teksi, ndiyo lori, na usiku mara nyingi ndiyo gari la wagonjwa. Lakini hapana asiyejua kwamba mwanamke aliyeshikwa na uchungu hawezi kukaa nyuma ya pikipiki kama mzigo wa mkaa. Ndiyo maana wako waliofikiri habari ya kigari cha pembeni, yaani kitanda au kiti chenye gurudumu lake, kilichofungwa ubavuni mwa pikipiki.

Jambo hili si ndoto ya mafundi tu. Katika wilaya ya Mangochi, nchini Malawi, pikipiki tatu za wagonjwa ziliwekwa kwenye vituo vya afya vya vijijini na kufuatiliwa kwa mwaka mmoja kuanzia Oktoba 2001. Ilionekana kwamba muda wa kumfikisha mama mzazi hospitalini ulipungua kwa kati ya saa 2 na saa 4 na nusu, na kwamba bei ya kununua pikipiki moja ya namna hiyo ilikuwa chini mara 19 kuliko ya gari la wagonjwa. Hesabu hiyo yapendeza. Lakini chombo hicho kitafaa usiku iwapo kitaonekana, na hapo ndipo taa zinapoingia katika mazungumzo yetu.

Fundi mmoja mwenyeji wa Kivu, ambaye banda lake liko upande wa Base Camp, alituonyesha kigari kilicholetwa kwake na kijana mmoja. Mchana kijana huyo huchukua mahindi na ndizi, na usiku akigongewa mlango huchukua wagonjwa. Malalamiko yake yalikuwa haya: "Papa, nimenunua globu tatu mwezi huu. Nikikanyaga breki, taa ya nyuma inazimika na indiketa inawaka yenyewe." Mzee hakuigusa globu. Alicheka kidogo, akaomba kipande cha waya.

Ndugu msomaji, hapa pana siri ambayo wengi wanaonunua globu kila wiki hawaijui. Umeme hutoka upande wa chanya wa betri, hupita katika swichi na kufika kwenye taa, lakini hapana budi urudi upande wa hasi. Katika pikipiki yenyewe chuma cha bodi ndicho njia ya kurudia, ambayo mafundi huiita ethi. Kigari nacho ni chuma, lakini kimeungwa na pikipiki kwa bolti nne au tano zilizopakwa rangi, zikaingia vumbi, zikanyeshewa, zikashika kutu. Kwa macho vyuma hivyo vimeshikana. Kwa umeme vimetengana. Basi umeme wa breki, ukikosa mlango wa kurudi, hutafuta dirisha. Hupenya katika uzi wa indiketa, hutokea kwenye indiketa ya pikipiki, na hapo ndipo hupata ethi. Kwa sababu hiyo indiketa huwaka kwa unyonge bila kuamriwa, na taa ya breki, ambayo ingepaswa kung'aa, hubaki kama kaa la sigara.

Mzee alishika waya wake, akaufunga ncha moja kwenye hasi ya betri na kuigusisha ncha ya pili kwenye bati la taa ya kigari. Taa ikang'aa papo hapo. Kijana akabaki ameshika globu yake mpya mkononi kama mtu aliyeleta zawadi kwenye msiba.

Tiba ya ugonjwa huo si kukaza bolti, maana mtikisiko wa njia utazilegeza tena kabla ya mwezi kwisha. Tiba ni kuvuta waya maalumu wa ethi kutoka kwenye taa za kigari moja kwa moja mpaka kwenye hasi ya betri, na kulikwangua kwa msasa lile bati linalopokea waya huo mpaka ling'ae. Juu yake hupakwa grisi ili maji yasifike. Nyaya zote zinazovuka kutoka pikipiki kwenda kwenye kigari ziachiwe urefu wa ziada, kwa kuwa hapo chombo hucheza kila kinapopita shimo, na zivalishwe mpira wa tyubu kuukuu ya baiskeli. Aidha zifungwe mbali na mnyororo, ambao katika pikipiki nyingi uko upande huo huo wa kushoto unaofungwa kigari. Tumeona waya uliokatwa na mnyororo taratibu, uzi mmoja mmoja, hata ukabaki umeshikwa na ngozi yake ya plastiki tu. Waya wa namna hiyo huwasha taa banda la fundi linapokuwa tulivu, na huizima njiani.

Lakini kigari cha kijana huyu kilikuwa na ila ya pili, na hiyo ndiyo iliyotutia wasiwasi zaidi. Kilikuwa kimeundwa kwa ajili ya upande wa kulia, kama ifaavyo katika Kongo, Rwanda na Burundi, ambako vyombo hupita kulia. Uganda hupita kushoto, kwa hiyo kiligeuzwa na kufungwa kushoto. Vyuma viligeuzwa, nyaya hazikugeuzwa. Dereva akionyesha kwamba anakata kulia, taa ya kigari iliyo kushoto ndiyo iliyokonyeza. Aliyekuwa nyuma yake angeamini nini? Mzee alibadili nyaya mbili mahali pake, kazi isiyozidi muda wa kunywa kikombe cha chai, na hatari ya miezi mingi ikaondoka.

Kwa mtu asiye na kipimo cha kisasa, globu moja ya volti 12 iliyounganishwa nyaya mbili yatosha kuwa daktari. Waya mmoja hushikizwa kwenye hasi ya betri, na wa pili hugusishwa hatua kwa hatua: kwenye betri yenyewe, baada ya fyuzi, baada ya swichi, kisha kwenye mdomo wa taa. Pale globu inapokataa kuwaka, kosa liko kati ya hapo na mahali ilipowaka mara ya mwisho. Kama umeme unafika mpaka kwenye mdomo wa taa na taa haiwaki, basi ni globu au ni ethi. Iangaliwe tu kwamba katika pikipiki nyingi ndogo taa kubwa ya mbele hailishwi na betri, bali hupata umeme moja kwa moja kutoka jenereta iliyomo ndani ya injini. Hiyo hupimwa injini ikiwa inanguruma. Rangi za nyaya nazo zisiaminiwe kupita kiasi. Katika Honda ethi kwa kawaida ni ya kijani, katika Yamaha ni nyeusi, na katika pikipiki iliyopita mikononi mwa mafundi watano ni rangi yoyote iliyopatikana siku ile.

Habari ya fyuzi yahitaji neno kali. Wako wanaoifunga fyuzi iliyokatika kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, wakasifiwa kwa ujanja. Tufanye hesabu. Taa mbili za breki za wati 21, taa mbili ndogo za nyuma za wati 5, moja ya mbele ya kigari ya wati 5, na indiketa tatu za wati 10, zote zikiwaka pamoja ni wati 87. Ukigawanya kwa volti 12 unapata ampea 7 na kidogo. Fyuzi ya ampea 10 yaweza kuubeba mzigo huo. Ikikatika, ina maana kuna shoti mahali fulani, na karatasi ile haitaikomesha. Itauacha waya upate moto chini ya tangi la petroli, hatua moja kutoka godoro la mgonjwa.

Siku hizi madukani Mbarara zinauzwa taa za LED, ambazo hula umeme kidogo na kuipumzisha betri. Ni nzuri, ila fulasha za zamani huhesabu mzigo wa globu. Zikikutana na LED hukonyeza kwa pupa au hukataa kabisa. Anayebadili taa hizo abadili na fulasha.

Tulimuuliza mzee ni taa ipi angeiacha ya mwisho kama angelazimishwa kuchagua moja tu ya kigari. Alijibu bila kufikiri: ile ndogo nyeupe ya mbele. Aendaye kwa miguu, alisema, akiona taa moja ikija hudhani ni pikipiki tupu, akasogea hatua moja pembeni. Gurudumu la kigari linapita pale pale aliposogea.

Kulikuwa kumeingia giza alipomaliza. Kijana aliwasha taa, akakanyaga breki, akaonyesha kushoto na kulia, nasi tukasimama nyuma tukimwitia kila iliyowaka. Globu mpya aliitia mfukoni, akaondoka nayo.