Makopo Mangapi Yatatosha Chumba Chetu?

Noeli inapokaribia, barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Upare hujaa wasafiri. Watoto waliokwenda mjini kutafuta kazi warudi kuwaona baba na mama. Mabasi huwashusha Same, na kutoka hapo magari madogo na pikipiki huwapandisha milimani, Vudee, Chome, Mbaga na kwingineko. Basi, kabla ya siku hizo, kila mama hupenda sebule yake ing'ae. Tena si wageni wa mjini tu. Jumuiya ndogo ndogo yaja kusali nyumbani kwetu kwa zamu, na pengine Padre ataingia kuibariki nyumba. Ni jambo jema kutaka kuta safi.

Lakini rangi ni fedha, na baada ya Noeli yaja Januari, na Januari yataka sare, madaftari na viatu vya shule. Kwa hiyo leo twataka kuzungumza nanyi, wasomaji wapenzi, juu ya hesabu ndogo ambayo wengi huiruka.

Sikilizeni habari ya mzee mmoja wa milimani. Jina lake tuliache. Alishuka Same asubuhi na mapema na fedha alizotumiwa na mwanawe. Kijana wa dukani akamwamkia, “Shikamoo, mzee. Chumba chako kina mita ngapi?” Mzee akajibu, “Marahaba, mwanangu. Nimepima vizuri, ni mita za mraba kumi na nne.” Kijana akampa galoni moja, yaani kopo la lita 4, akasema litabaki. Mzee akapanda mlima amefurahi. Siku ya pili, mkono wa kwanza haujaisha, kopo likawa tupu, na kona moja ya chumba imebaki na lipu yake ya kijivu. Akashuka tena: nauli nyingine, siku nyingine ya kazi imepotea. Rangi ya pili ilichanganywa siku nyingine, nayo haikufanana na ile ya kwanza. Hata leo sebule ile ina rangi mbili.

Kosa lilikuwa wapi? Mzee hakusema uongo. Alipima sakafu. Urefu mita 4, upana mita 3 na nusu, ndiyo 14. Lakini hatupaki sakafu, twapaka kuta!

Tufanye hesabu ya chumba kile kile pamoja. Azima futikamba ya fundi. Ukikosa, chukua kamba na rula ya mtoto wa shule, utie fundo kila mita moja.

Kwanza, zunguka chumba. Jumlisha kuta zote nne: 4 na 4, tena 3.5 na 3.5. Jumla ni mita 15.

Pili, pima kimo kutoka sakafuni hadi darini. Tuseme ni mita 2.8. Zidisha 15 kwa 2.8, utapata mita za mraba 42. Waona? Kuta ni mara tatu ya sakafu.

Tatu, toa mahali pasipopakwa. Milango miwili, kila mmoja mita 2.1 kwa 0.9, ni kama 3.8. Madirisha mawili ya mita 1.2 kwa 1.2 ni kama 2.9. Jumla 6.7. Ukitoa katika 42, zabaki 35.3.

Nne, zidisha kwa mikono utakayopiga. Mkono mmoja hautoshi. Mikono miwili ni mita za mraba kama 71.

Tano, gawanya kwa nguvu ya rangi. Lita moja ya rangi ya maji, juu ya ukuta laini, hufunika mita za mraba kama 10. Soma kopo lenyewe, kwa kuwa rangi hazilingani. Lakini ukuta mpya wa lipu hunywa rangi kama ardhi ya kiangazi inywavyo mvua. Hapo hesabu 8 tu kwa lita. Ukuta laini: 71 kwa 10, ni lita 7 na kidogo, galoni mbili zatosha, na kiasi kitabaki cha kufutia alama za mikono ya watoto. Ukuta mkavu wa lipu mpya: 71 kwa 8, ni karibu lita 9, basi galoni mbili na kopo la lita moja. Mzee wetu alinunua lita 4.

Jihadharini pia na futi. Mafundi wengi bado hupima kwa futi, na kopo husema mita. Mita moja ni futi 3 na zaidi kidogo, lakini mita moja ya mraba ni karibu futi 11 za mraba. Ukichanganya vipimo hivi viwili, utanunua rangi ya kupaka shule nzima.

Rangi ya kuchanganywa inunueni yote siku moja. Mkifika nyumbani, mimineni makopo yote katika ndoo moja kubwa safi, mkoroge, ndipo mwanze. Hivyo ukuta wote utakuwa na rangi moja.

Na wenye nyumba za udongo je? Msiwaonee wivu wenye saruji. Rangi ya dukani juu ya udongo mara nyingi hubanduka, maana unyevu wataka kutoka ukutani na rangi yauzuia. Chokaa ni bora, na bei yake ni nafuu. Kwa kuwa chokaa hutegemea uzito wa mchanganyiko wako, fanya jaribio. Pima mita moja ya mraba ukutani, ipake kwa chokaa uliyoipima kwa kikombe, uone vikombe vingapi vimekwenda. Kisha zidisha. Watoto wakae mbali, kwa sababu chokaa huunguza macho.

Siku hizi vijana wa mjini huleta pia karatasi za ukutani. Hizo hazihesabiwi kama rangi. Mizingo mingi ina upana wa sentimeta 53 na urefu wa mita 10. Chumba chetu cha mzunguko wa mita 15 chataka vipande 29 vya kusimama. Kila kipande ni mita 2.8 na kidogo cha kukata, na mzingo mmoja hutoa vitatu tu. Basi ni mizingo 10. Ikiwa karatasi ina maua ya kulinganishwa, ongeza. Lakini huko juu, ukungu wa Shengena unapoingia ndani ya nyumba, karatasi hufanya kuvu. Tafadhali fikirini kwanza.

Neno moja juu ya wakati. Wengi hungoja Desemba, na Desemba ni mvua za vuli. Lipu mpya yahitaji kama majuma manne ikauke, na milimani hukawia zaidi. Pakeni Septemba au mapema Oktoba, kungali jua.

Wazee wetu wa Upare hawakuwa wageni wa kupima. Waliyakusanya maji katika ndiva usiku, wakayagawa mashambani kwa zamu, kila mtu na fungu lake, ili maji machache yatoshe wengi. Naye Bwana wetu, katika Injili ya Luka sura ya 14, alitukumbusha juu ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba yampasa kukaa kwanza na kuhesabu gharama.

Basi jioni ya leo, baada ya sala, baba na mama wakae mezani. Mtoto wa darasa la sita ashike kamba na kalamu, afanye hesabu mbele yao. Ni somo zuri kuliko mengi. Andikeni jibu kwenye karatasi, nanyi mshuke nayo Same mara moja tu. Nauli ya safari ya pili itanunua madaftari.